Mtoto Hatulii, Nani Mchawi? Mwongozo wa Mzazi wa EPZ

Mwongozo huu ni wa mzazi anayefanya kazi EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, huko Athi River, au anayewakaangia wafanyakazi wa EPZ chapati nje ya geti, ambaye ameitwa shuleni kwa sababu ya mtoto. Barua ya mwalimu utaijua hata kabla ya kuifungua. Mtoto ni mwerevu ila hatulii. Anasimama katikati ya somo. Anajibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Alitumwa ofisini kuleta chaki, akarudi na kinyonga. Penseli yake imepotea, na ya mwenzake aliyoazimwa imeifuata. Unaombwa ufike kesho saa nne asubuhi.

Kesho saa nne asubuhi uko kwenye laini, tageti ya saa haijafika, na supavaisa anapita nyuma yako kwa mara ya tatu. Huna nafasi ya kumsikiliza mwalimu, kisha daktari, kisha mama mkwe. Unachohitaji ni njia ya mkato ya kumpata mchawi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukizimaliza zote utakuwa umetumia pesa nyingi, umekosana na nusu ya ukoo, na mtoto yuko vilevile.

Hatua ya kwanza: Anza na mama

Mama ni mshukiwa wa karibu na hana muda wa kujitetea. Anatoka Mlolongo au Kitengela kabla hapajapambazuka, anaingia getini na maelfu ya wenzake, anashinda akishona suruali zitakazovaliwa Marekani, anarudi taa zimewashwa. Sheria iliyoanzisha maeneo ya EPZ ni ya 1990, na tangu mpango wa AGOA ulipofungua soko la Marekani mwaka 2000, viwanda vya nguo vimeajiri wanawake kwa wingi. Kwa hiyo Athi River haiwezi kuishiwa na washukiwa.

Sema hivi, tena kwa sauti ya huruma: "Angekuwa anashinda nyumbani, mtoto angetulia." Usiulize kwa nini dada yake mkubwa, aliyelelewa na mama huyohuyo kwa mshahara huohuo, anaweza kukaa kitako mpaka kazi ya ziada iishe.

Zaidi ya yote, epuka habari za pacha, maana zitakuharibia kesi. Pacha wanaofanana wana jeni zilezile. Pacha wasiofanana wanashiriki nusu tu, kama ndugu wengine wowote. Aina zote mbili hulelewa nyumba moja, mama mmoja, sufuria moja ya uji. Kama malezi ndiyo yangekuwa mzizi wa ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutuliza mawazo na mwili kupita kiasi cha umri wake, pacha wa aina zote mbili wangelingana sawasawa. Hawalingani sawa. Wanaofanana hukaribiana katika hali hii kuliko wasiofanana, tena kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2019 Stephen Faraone na Henrik Larsson walikusanya tafiti 37 za pacha, wakapata kwamba mchango wa urithi ni wastani wa asilimia 74. Na watoto walioasiliwa walipochunguzwa, walionekana kufanana katika jambo hili na wazazi waliowazaa kuliko wale waliowalea.

Tahadhari kwa atakayeikimbilia hiyo namba: asilimia 74 haisemi kwamba robo tatu ya utukutu wa mwanao imetoka kwenye damu na robo iliyobaki kwenye katuni. Inahusu watu wengi kwa pamoja, na inasema kwamba tofauti zilizopo kati yao kwa sehemu kubwa zinaendana na tofauti za jeni zao. Kuhusu mtoto mmoja aliyeleta kinyonga haisemi kitu. Jambo hili usilieleze kwenye kikao cha chama. Utaharibu mazungumzo matamu.

Hatua ya pili: Hamia kwa sukari

Mama akiponea, kamata sukari. Hii inapendwa na kila mtu kwa sababu inaonekana kwa macho: mtoto kanywa soda kwenye sherehe, baada ya dakika kumi yuko juu ya meza. Usijisumbue kukumbuka kwamba kulikuwa na watoto thelathini, muziki, na mjomba anayerusha watu hewani.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Hoover na Richard Milich, walichukua akina mama walioamini kwamba sukari huwapandisha wana wao mori. Kundi moja la akina mama liliambiwa kwamba mtoto amepewa sukari nyingi. Ukweli ni kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa. Wote walikunywa kinywaji chenye kitamu kisicho sukari. Akina mama walioambiwa "sukari" waliwaona watoto wao watukutu zaidi, wakawa wanawakaribia na kuwakosoa zaidi. Kumbe kilichopanda ni imani ya mama. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa majaribio mengi kwa pamoja haukuona kwamba sukari hubadilisha tabia za watoto.

Meno ni habari nyingine. Sababu za kupunguza soda ni nyingi na zote nzuri. Ila ukishapunguza, usingoje barua ya mwalimu isitishwe.

Hatua ya tatu: Gombanisha koo mbili

Sasa umekaribia ukweli, kwa hiyo ni lazima upotee kwa ustadi. Umesikia kwamba jambo hili hurithiwa. Swali moja kwa moja liwe: limetoka kwa nani? Upande wa baba waseme ni upande wa mama. Upande wa mama wakumbushe kuhusu yule ami aliyeacha kazi nne ndani ya mwaka mmoja. Chagueni siku ya mahari kulijadili, ili mashahidi wawe wengi.

Sayansi haitawasaidia kugombana. Jeni zinazohusika zimetapakaa, na mtoto huchukua kutoka pande zote mbili. Mzazi akiwa na ADHD, uwezekano wa mtoto kuwa nayo unakaribia nusu kwa nusu, kufuatana na baadhi ya makadirio. Lakini pia hutokea wazazi wawili watulivu, kila mmoja akiwa amebeba kidogo asichokijua, wakakutana na kumzaa mtoto aliyevipata vyote kwa mpigo.

Ukitaka kweli kujua, nenda Mwala au Kathiani ukakae na susu, bibi yake mtoto. Usimuulize kuhusu jeni. Muulize baba wa mtoto alikuwaje alipokuwa na miaka saba. Susu atacheka kabla hajajibu. Atakwambia kuhusu mbuzi waliopotea kwa sababu mchungaji alifuata nyuki. Atakwambia kuhusu daftari zilizoliwa na ndama, na mwalimu aliyekuwa akimkalisha mbele kabisa ili amshike bega. Hiyo ni historia ya ugonjwa ambayo daktari angeilipia, na susu anaitoa bure pamoja na chai.

Hapa ndipo msomaji fulani huanza kujikuna. Baba anayemkemea mtoto kwa kutotulia ndiye anayeshindwa kumaliza mkutano wa wazazi bila kutoka nje mara nne "kupokea simu". Mama anayelalamikia penseli zilizopotea amepoteza kadi ya kazi mara kadhaa tangu Januari, na gesi huikumbuka ikishaunguza maharagwe. Dalili hizi hazifi mtu akitimiza miaka kumi na minane. Kwa wengi hubadilika tu. Miguu hutulia, akili ikaendelea kukimbia. Ukijikuta unasoma aya hii kwa mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza mawazo yalikuwa kwingine, endelea tu, hakuna anayekuona.

Hatua ya nne: Tafuta jeni moja, uishike koo

Binadamu hupenda mchawi awe mmoja. Kwa miaka mingi wanasayansi nao walipenda hivyo, na jeni iliyopata umaarufu zaidi iliitwa DRD4. Inahusika na vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia katika hamu, motisha na umakini. Aina moja ndefu ya jeni hiyo, iitwayo 7R, ilihusishwa na watu wanaopenda mambo mapya na wasiokaa mahali pamoja.

Kenya nasi tulipata zamu yetu. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti waliofanya miongoni mwa wanaume wa Ariaal, wafugaji wa Marsabit ambao mila zao zimechanganya za Wasamburu na za Warendille. Baadhi bado walikuwa wakihamahama na mifugo, wengine walikuwa wamehamia kukaa mahali pamoja na kulima. Kwa wale wanaohama, wenye aina ya 7R walikuwa na miili iliyoshiba zaidi kidogo kuliko wasio nayo. Kwa wale waliotulia, mambo yaligeuka: wenye 7R ndio waliokonda zaidi. Jeni ileile, jamii ileile, maisha mawili tofauti.

Kabla hujampeleka mtoto Marsabit na ng'ombe wawili, sikiliza. Utafiti ule ulikuwa mdogo, uliwapima watu wazima, na ulipima lishe, wala si ADHD. Unachotufundisha ni kwamba thamani ya tabia hutegemea mahali inapowekwa. Mtu wa kushtuka upesi na kuangaza macho kila upande anafaa pale penye fisi. Mweke kwenye dawati la watu watatu, darasa la watoto sitini, akariri majedwali, na kesho utaandikiwa barua. Mweke kwenye laini, ashone mfuko uleule wa kulia kuanzia asubuhi mpaka jioni, naye supavaisa ataandika.

Kuhusu jeni moja, tafuta mchawi mwingine. Mwaka 2019 kundi la kimataifa lililoongozwa na Ditte Demontis wa Denmark lilichunguza watu 20,183 wenye ADHD na wengine wengi wasio nayo, likapata maeneo 12 kwenye vinasaba yenye uhusiano wa uhakika na hali hii. DRD4 haimo. Mwaka 2023 walirudi na watu 38,691, maeneo yakafika 27. Makadirio yao ni kwamba tofauti ndogondogo zinazochangia zinafika takriban elfu saba.

Mfanyakazi wa EPZ ataelewa hili kuliko profesa. Suruali moja ya jinzi hupita mikononi mwa watu wengi: huyu mfuko, yule zipu, mwingine vishikio vya mkanda, mwingine pindo, kisha wa kwaliti, kisha wa pasi. Ikiingia kwenye boksi, hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema suruali hii niliishona mimi. Na ikitoka imepinda mguu, meneja anaweza kupiga kelele atakavyo, hatampata aliyepinda. Jeni za ADHD hufanya kazi hivyo. Kila moja huongeza uzi mmoja.

Basi akitokea mtu kukuuzia kipimo cha jeni cha kutambua ADHD, mwambie arudi mwaka mwingine. Hakuna kipimo cha damu wala mate kinachoweza kutambua hali hii kwa mtoto. Tena sehemu kubwa ya takwimu hizi imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiko kuliko na tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. Pengo hilo linafanyiwa kazi hapa kwetu Kenya, huko pwani. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, kwa kushirikiana na wenzao wa Cape Town na Taasisi ya Broad ya Marekani, kina mradi uitwao NeuroDev unaochunguza vinasaba vya watoto wenye ADHD, usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo. Majibu yetu wenyewe yatatoka huko, bila shaka baada ya dukani kuuzwa majibu ya uongo.

Hatua ya tano: Ukishasikia "urithi", funga macho

Hii ni hatua ya msomaji aliyeelimika. Akisikia jeni, huona hakuna tena la kuangalia. Mtoto anayeduwaa ghafla kwa sekunde chache kisha akaendelea kama si kitu huenda ana kifafa cha kimya, mwite mzembe. Mtoto asiyefuata maagizo huenda hasikii vizuri, mwite mkaidi. Mtoto anayelala saa tano kwa sababu chumba ni kimoja na televisheni ni moja, akaamshwa saa kumi na moja ili apelekwe deikea kabla mama hajafika getini, hawezi kuwa makini hata kama jeni zake zingeshonwa upya.

Zipo pia sababu za nje zinazoongeza hatari: kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo, ubongo kudhurika. Na madini ya risasi. Hili wafanyakazi wa EPZ wana haki ya kulijua kwa jina. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa na leseni ya EPZ kiliyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007, na watu wa mtaa wakaingiwa na risasi damuni. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa hapo na ambaye mtoto wake mchanga aliugua, aliongoza mapambano mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na umakini ni mojawapo ya vitu vinavyoondoka. Urithi usiwe pazia la kumfichia mwenye kiwanda.

Hatua ya sita: Tafuta kiboko au tafuta nabii

Kiboko kina historia ndefu. Hata daktari George Still, alipowaeleza wenzake wa London mwaka 1902 kuhusu watoto wa namna hii, alizungumzia kasoro ya kujitawala kimaadili. Kwetu Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kosa. Lakini mzazi asiyejihadhari bado humwambia mwalimu, "Wewe mchape tu, mimi nimekuruhusu." Ruhusa hiyo huna. Na mtoto atakayechapwa kwa kusahau, atasahau tena kesho akiwa na alama.

Nabii ni wa mkutano wa jioni, spika nne na jenereta. Atasema ni pepo wa ukoo. Mtazame vizuri: kuhusu ukoo hajakosea sana. Amekosea kuhusu pepo na kuhusu bei. Omba utakavyo, sala haijawahi kuzuia mtu kwenda kliniki. Jihadhari na anayekuuzia sala badala ya kliniki.

Hatua ya saba: Mwamini mwalimu kwa kila kitu, au usimwamini kabisa

Mwalimu mwenye watoto sitini huona wale wanaoonekana. Kwanza humwona mdogo kuliko wote. Huko British Columbia, Canada, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo zaidi darasani, walikuwa na uwezekano wa kupewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya waliozaliwa Januari. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70. Sasa mtazame mama wa EPZ aliyemwingiza mtoto PP1 mapema kwa sababu shule inakaa naye mpaka jioni na deikea inataka pesa kila siku. Mtoto wake huenda hana hitilafu yoyote ila ukosefu wa miezi kumi.

Pili, mwalimu hamwoni msichana wa dirishani. Hasumbui, haruki, haleti kinyonga. Anatazama nje malori ya simiti yakipita, na akiitwa hajui mko ukurasa gani. Wavulana hugunduliwa zaidi, na sehemu ya sababu ni kelele yao. Msichana huyu haandikiwi barua. Huandikiwa tu kwenye ripoti: "Ana uwezo, aongeze bidii." Mama yake aliandikiwa hivyohivyo.

Ukishindwa na hatua zote

Wako wazazi wakaidi wasiofuata mwongozo. Hao huomba ruhusa ya siku moja, wakakatwa mshahara wa siku hiyo, wakaenda shuleni na kusikiliza. Huuliza kama dalili zimedumu angalau miezi sita, kama zilianza kabla ya miaka kumi na miwili, na kama zinaonekana shuleni na nyumbani pia, maana tabia ikionekana mahali pamoja tu, huenda tatizo ni mahali penyewe. Huomba masikio na macho yapimwe. Huulizia vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya watoto, vijulikanavyo kama EARC, vilivyoanza 1984, au huenda taasisi ya elimu maalum ya KISE, Kasarani. Kwa daktari huambiwa kwamba yapo mafunzo ya wazazi: maagizo mafupi, moja kwa wakati, sifa papo hapo, ratiba isiyobadilika. Kwa baadhi ya watoto zipo dawa pia, zinazotolewa na kufuatiliwa na daktari, wala si na jirani. Kilichorithiwa kinatibika, mwenye macho mabovu ya ukoo huvaa miwani.

Wazazi hao huondoka bila mchawi, jambo linalowaudhi jamaa waliokwisha kumtaja. Urithi hauna mshtakiwa. Hakuna aliyechagua cha kumpa mtoto, na aliyempa alipewa vilevile, pengine pamoja na viboko vingi.

Kwenye kliniki utaulizwa ni nani mwingine katika familia aliye hivi. Usikimbilie kusema "hakuna". Mpigie susu simu kwanza, na uwe na salio la kutosha.